Akiba ya Vidole Viwili

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha mlangoni kwangu. Mwanangu wa kiume alikuwa ameshikilia miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, anahema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa, na hakutoka mbali. Alitoka dukani kwake, hapo ng'ambo ya barabara.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mjane, ni fundi cherehani. Marehemu mume wangu alikuwa fundi pia, ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mtu mkubwa mno wa mwili. Sukari ilimla mguu, presha ikammaliza akiwa ameketi kwenye cherehani yake, na kumtoa ndani ilibidi aitwe seremala ang'oe mlango. Aliniachia watoto wawili. Wote wawili aliwaachia mwili wake.

Binti yangu, keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, alifika mahali mizani ya kliniki ikashindwa kumpima. Wakampeleka stoo, wakamsimamisha kwenye mizani ya magunia, wapagazi wakitazama. Baada ya hapo akakubali operesheni ya kukatwa tumbo, libaki dogo lisipokee chakula kingi. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima unamwita Bonge na hata mimi mama yake nimeshazoea, alikataa katakata.

"Nitamtazama dada kwanza," alisema. "Akipungua na akakaa hivyo, nitakwenda na mimi. Akirudi alikotoka, msinisumbue tena."

Sasa mwaka wa pili wa operesheni ya dada yake ulikuwa unaelekea mwisho, na yeye alikuwa mlangoni kwangu, midomo imemkauka.

"Mama, jana nilizimika dukani."

"Kuzimika vipi?"

"Natengeneza redio ya mtu, nashtukia niko sakafuni. Mteja katimua mbio, anadhani nimepigwa na umeme." Akajaribu kucheka. "Aliyepigwa ni kiti. Hakikubakiwa hata na mguu mmoja."

Sikucheka. Baba yake alianza hivyo hivyo, na tulicheka.

"Daktari amesemaje?"

"Moyo unafanya kazi ya watu wawili. Amesema operesheni ni sasa, nisingoje mwakani."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nimwone dada."

Dada mtu akaitwa. Alikuja na gauni lake la bluu, nililomshonea kwa ajili ya ibada ya shukrani, la kwanza maishani mwake lenye kiuno. Bonge akamwambia azunguke. Akazunguka.

"Siku hizi ukisimama upande sikuoni."

"Wewe nakuona hata nikifumba macho."

"Acha kejeli. Niambie kweli. Inauma?"

"Inauma, halafu inaacha. Unakunywa supu kwa kijiko cha chai kama mtoto mchanga. Ukila kwa pupa unatapika. Nywele zinakatika. Ngozi inabaki inaning'inia, nguo tu ndizo zinanisitiri." Akajishika kiuno cha gauni. "Lakini ngazi za kazini napanda, mdogo wangu. Napanda huku naongea. Na sindano za sukari, daktari mwenyewe ndiye aliyeniambia niziache."

Yote hayo yalikuwa kweli. Mimi ni shahidi. Nilimsikia binti yangu akilala bila kukoroma, nikaamka nikamwekea mkono puani kujua kama anapumua. Nilimwona akifunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Kila baada ya muda aliniletea magauni, nami nikayabana, nikayabana tena, na kila nikibana namshukuru Mungu.

Mtaani maneno hayakukosekana. Mteja mmoja alinijia na kipande cha kitambaa ambacho hakikuwa na haraka yoyote.

"Fundi, binti yako anaumwa?"

"Alikuwa anaumwa. Sasa amepona."

"Mbona amekonda hivyo? Tuambie basi tumwombee."

"Mlipomwita tangi la maji mlimwombea?"

Akaondoka na kitambaa chake.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, naye alinijia na dini. "Tumbo kalitengeneza Mungu. Daktari ni nani alikate?"

"Na meno je, shemeji? Alikupa mangapi, na umebaki nayo mangapi?"

Tangu siku hiyo akinisalimia anafunga mdomo.

Basi Bonge akakubali. Akapimwa damu, akapimwa moyo, akapangiwa siku ya kulazwa. Niliposikia hivyo nilipiga magoti pale pale kati ya vipande vya nguo, nikasali mpaka pini zikanichoma.

Sikujua kwamba mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeshaniharibia.

Wiki ile ya kulazwa, Bonge alikuja kukaa nami kazini. Alikalia benchi la wateja, lile la mbao nene. Dada yake alikuwa mezani ananichambulia vifungo. Gauni la bluu lilikuwa juu ya cherehani, limegeuzwa ndani nje, maana pindo lilikuwa limefumuka.

Bonge akalivuta, akalipapasa kama wanaume wanavyopapasa kitu wakiwa hawana la kufanya. Kisha mkono ukasimama.

"Mama, hii ni nini?"

"Gauni la dada yako. Pindo limefumuka."

"Siulizi pindo." Aliingiza kidole gumba kwa ndani, ubavuni. "Hiki."

"Mshono."

"Mshono naujua, nimekulia chini ya cherehani. Nauliza kitambaa chote hiki kilichobaki nyuma ya mshono ni cha nini."

Sikujibu upesi. Kule kuchelewa ndiko kulikoniponza.

Nieleze, maana si kila msomaji ni fundi. Mume wangu alinifundisha kwamba mwili wa mtu haukai pale ulipoupima. Leo amepungua, kesho ameongezeka, mwaka kesho ana mimba. Kwa hiyo usikate nguo ikaishia kwenye mshono. Acha akiba kwa ndani, vidole viwili kila upande, ili siku akirudi unafumua na kumwachia, naye haaibiki. Wateja walitupendea hilo. Nimeshona hivyo tangu nikiwa bibi arusi. Kila nilipombana binti yangu, nilikunja kitambaa nikapiga mshono mpya. Sikukata. Wala sikuwahi kukaa nikafikiri kwa nini sikati. Mikono yangu haijui njia nyingine.

"Ni akiba," nikasema. "Unajua baba yako alivyotufundisha."

"Najua. Baba alimwachia akiba mtu anayejua atarudi."

"Si hivyo, baba. Ni mazoea tu."

"Kwa hiyo kila ulipombana, ulikuwa unamwekea njia ya kunenepa tena." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Mdomo wako unaniambia dada amepona. Mkono wako unamngoja arudi. Nimwamini yupi?"

"Bonge," dada yake akaita kutoka mezani.

"Wewe nyamaza, dada. Sikulaumu. Namuuliza mama, ambaye hajawahi kunidanganya." Akaliweka gauni chini polepole. "Mimi nikakatwe tumbo, nitapike, ninyonyoke nywele, halafu mama yangu mzazi anikunjie kitambaa ndani? Siendi. Nitakufa na tumbo langu kama baba."

Akaanza kujiinua kwenye benchi. Kujiinua kwake ni kazi, huanza na mikono, kisha pumzi, kisha magoti. Nikaona nina muda wa kitu kimoja tu.

Nikachukua mkasi mkubwa wa marehemu.

"Tazama," nikamwambia.

Nikaushika mshono wa ubavuni, nikakata akiba yote kwa ndani, kutoka kwapani mpaka chini. Mkasi ule ukikata hulia kama mtu anayetafuna barafu. Nikageuza upande wa pili.

Binti yangu alisimama. Vifungo vikamwagika.

"Mama..."

"Nini?"

Alinitazama, akamtazama mdogo wake aliyekuwa amesimama nusu, jasho linamtiririka. "Hapana," akasema. "Basi."

Nilidhani anamsikitikia baba yake, kwamba navunja neno la marehemu kwa mkasi wake mwenyewe. Hata mimi nilikuwa namsikitikia.

"Nenda kalete na mengine," nikamwambia.

Alikwenda. Alikawia. Alirudi na magauni mikononi, nami nikayakata yote, moja baada ya jingine, mbele ya Bonge. Fundi yeyote anayesoma hapa anajua nilichokifanya. Nguo ukishaikata pale, imekwisha. Hakuna kumwachia mtu hata pumzi.

Bonge aliokota kile kipande kirefu cha bluu sakafuni, akajifunga mkononi, akakaza fundo kwa meno.

"Hiki nakwenda nacho. Nikiogopa nitakitazama."

"Nenda nacho, mwanangu."

"Samahani, mama. Nimekusema vibaya."

"Hukunisema vibaya."

Tukamsindikiza hospitali, akalazwa. Dada yake akaaga mapema, akasema dukani wanamngoja. Kitanda walimpa kile kipana, na wagonjwa wenzake wakamkaribisha kwa utani, akawajibu, nikaona amepata wenzake.

Nesi wa wodi ile namfahamu tangu operesheni ya binti yangu. Ni mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. Nilimvuta pembeni, kwenye korido, karibu na vitanda vya magurudumu.

"Nesi, niambie neno moja tu. Operesheni hii inafanya kazi au haifanyi?"

"Mama, si umeona kwa binti yako?"

"Nimeona. Nataka kusikia."

Akakunja mikono. "Kwa wengi inafanya. Wanapungua, sukari inashuka, magoti yanapata nafuu, wanaishi miaka mingi kuliko bila kukatwa. Mwanao kwa alivyo, bila operesheni namhofia zaidi. Lakini sisi tumbo tunalikata mara moja, na mtu anakula kila siku. Baada ya mwaka au miwili wengi huongezeka kidogo. Wapo wanaoongezeka sana. Ndiyo maana tunawataka kliniki, tuwahi mapema." Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na dada yake yuko wapi siku hizi? Mbona amekata mguu?"

"Kukata mguu wapi?"

"Kliniki. Hatumwoni."

"Huja kila mara. Hunipungia mkono akitoka."

Nesi akanitazama, akatazama chini. "Labda huja zamu ambayo mimi sipo," akasema.

Zamu zake alishawahi kunitajia. Siku ya kliniki hakosi.

Nilipanda gari kurudi nyumbani nikisali, lakini maneno ya sala yalikuwa yanakwama. Nilikuwa napanga upya mambo niliyoyaona na kuyapita. Kwamba siku hizi binti yangu anapenda kanga juu ya gauni, hata kwenye joto. Kwamba mkoba wake una kijiko. Nilikiona kijiko kile nilipokuwa natafuta ufunguo, nikasema ni cha dawa. Kilikuwa kinanata.

Nilimkuta chumbani, mbele ya kioo. Alikuwa amemwahidi mdogo wake kwamba asubuhi atakuwa pale kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, kwa hiyo alikuwa anajaribu gauni la bluu. Alinipa mgongo. Zipu ilikuwa imepanda mpaka katikati, ikasimama.

"Nisaidie kuvuta, mama," akasema, lakini hakunitazama.

Nikavuta. Nikamwambia avute pumzi, nikavuta tena. Mgongo ulikuwa umejaa pande zote mbili za zipu. Mwili ule naujua kwa vidole kuliko ninavyoujua kwa macho. Ulikuwa umerudi, na si wa jana wala juzi.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujakata."

"Na ukaniacha nikate?"

"Ningesema nini? Alikuwa amesimama pale, mama. Nikifungua mdomo angerudi dukani kwake kufa."

Nikakaa kitandani. Yeye akabaki amesimama, gauni wazi mgongoni, kama mteja anayengoja kupimwa.

"Unakula nini?"

"Sili. Ndiyo shida." Akaanza kulia, bila sauti, kama alivyolia siku ya mizani ya magunia. "Nyama inakwama hapa. Mkate unakwama. Hata yai, nikimeza vibaya, nakimbilia chooni wateja wakiwa foleni. Maziwa ya kopo, yale matamu mazito, hayakwami. Yanateremka yenyewe. Nikitoka kazini nimechoka nalamba kijiko kimoja. Halafu kingine. Naona kopo limekwisha."

"Kwa nini hukumwambia nesi?"

"Nesi ataniambia panda mizani."

"Si ungepanda?"

"Nikiikanyaga mizani naona yale magunia, mama. Naona wapagazi." Akajifuta kwa kiganja. "Nilikuwa naaga hapa nakwenda kukaa kituo cha basi mpaka muda wa kliniki upite."

Jamani, nilitaka kumgombeza. Nilifungua mdomo nimgombeze. Nilichoona ni binti yangu peke yake kwenye benchi la kituo, mabasi yanapita, anangoja uongo wake uive.

"Na sukari?" nikauliza.

"Haijarudi. Hiyo napima, kifaa ninacho. Na ngazi bado napanda."

"Kwa hiyo umepona au hujapona?"

"Sijui. Ukinipima kwa tepu, narudi. Ukinipima kwa ngazi, nimepona." Akanigeukia. "Nikiulizwa leo kama nirudie, nakatwa tena, mama. Nakuapia. Lakini Bonge hakuniuliza hivyo. Aliuliza kama nimepungua nikakaa hivyo."

Nikainuka, nikageuza gauni ubavuni nione la kufanya. Hayo ndiyo mazoea yangu, matatizo nayatafuta kwenye mshono. Vidole vikaenda vyenyewe kwa ndani kutafuta akiba. Hakuna. Mkasi ulikuwa umepita safi.

Mume wangu angekuwapo, angefumua, angeachia vidole viwili kila upande, na kabla chai haijapoa binti angekuwa amevaa. Bonge asingejua kitu. Nilikuwa nimeikata akiba ili mwanangu aamini, na sasa akiba ile ile ndiyo niliyoihitaji. Kipande pekee cha bluu ambacho ningeweza kukiunga kilikuwa wodini, kimefungwa mkononi mwake.

"Nitavaa kanga juu," binti yangu akasema.

"Nesi ameshaniuliza habari zako. Na mdogo wako si kipofu."

"Basi nisiende."

"Usipokwenda ndiyo atajua."

Nilichomeka pini midomoni, sijui za nini, nikapiga magoti nyuma yake nikiangalia kama nitatoa kitambaa kwenye pindo. Tulikuwa hivyo simu ilipolia. Nikaona ni Bonge. Nikatema pini mkononi.

"Mama, uko na dada?"

"Niko naye."

"Daktari amepita. Ni asubuhi, mimi wa kwanza." Nilisikia pumzi yake, nzito, ile ile ya baba yake. "Wenzangu hapa wananitania, nami nawatania, lakini naogopa. Nimelichezea fundo mpaka limelegea. Nimelikaza tena."

"Sali, mwanangu. Nami nasali."

"Nasali. Mama, mwambie dada aje kabla hawajaniingiza. Na avae lile la bluu. Nikimwona nalo tu, limemkaa vile vile, naingia. Sitamuuliza mtu neno."

Sikujibu upesi. Nimeshawaambia kuchelewa kwangu kulivyoniponza mara ya kwanza.

"Mama?" Sauti ikabadilika. "Mbona kimya? Wewe hujawahi kunidanganya. Dada hajarudi alikotoka, sivyo?"

Binti yangu alikuwa ananitazama kwenye kioo, mgongo wazi, machozi yamefika kidevuni. Alikuwa ananitikisia kichwa. Nilimtazama vizuri, mimi niliyemzaa, na sikuweza kujua kama ananikataza kusema uongo au ananikataza kusema kweli.

Pini zilikuwa zimeingia kiganjani. Nikafungua mdomo.